Tetemeko Lililochagua Kabati

Krrrrt. Kimya. Kisha kioo kikamwagika sakafuni gizani.

Umeme ulikuwa umekatika Karatu nzima tangu magharibi. Bibi Ndeshi, aliyekuwa kwenye jiko la nje akipika ndizi, alisimama na mwiko mkononi akasikiliza. Sebuleni kulikuwa na kitu kimoja tu chenye kioo: kabati la vyombo alilomzawadia mwanawe siku ya harusi, likaja kwa fuso kutoka Rombo bila hata mkwaruzo.

Alipofika mlangoni umeme ukarudi, kana kwamba ulikuwa unamsubiri aone vizuri.

Kabati lilikuwa limesogea hatua nzima kutoka ukutani. Kioo cha mlango wake kilikuwa chini, vipande vipande. Kwenye kochi, mwanawe Philbert, fundi wa magari ya watalii ambaye jioni hiyo alipitia mahali kupoza koo na wenzake, ndiyo kwanza alikuwa anafumbua jicho moja.

"Tetemeko, Mama," alisema. "Volkano ya Lengai hiyo. Imekohoa."

Bibi Ndeshi akaangalia mezani. Kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni hakikuwa kimemwaga tone.

"Imekohoa, ikachagua kabati langu."

Anitha, mke wa Philbert, akatokea chumbani na kitabu kwapani, binti yao Sifa akimfuata ameshika upindo wa kanga. Akaona kioo, akashika kichwa.

"Mama Sifa, juzi nilisema nini?" Bibi akamgeukia. "Nyumba ambayo mama yake anakimbizana na shule ya jioni haina mwenyewe. Kikivunjika kitu kingine humu, shule basi. Sikusema?"

"Ulisema, Mama."

"Na Philbert akaitikia."

Philbert akaitikia tena, kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa haujaamka.

Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mwezi ujao. Anitha aliacha shule na mimba ya Sifa, akaapa kumaliza kabla Sifa hajaanza darasa la kwanza. Akavuta pumzi, akapiga magoti kando ya vioo.

"Mama, ni kweli. Hili si tetemeko. Tetemeko lina mwandiko wake."

"Mwandiko."

"Mwalimu Eliud alitupeleka Eyasi, kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Kuna mahali mwamba ulikatika, upande mmoja ukasuguana na mwenzake mpaka ukang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Juu yake kuna michirizi, yote imeelekea upande mmoja. Ukipapasa kufuata mwendo, mkono unateleza. Ukirudisha, unakwama. Pengine mwamba umesagika, vipande vyenye ncha vikagandamana tena kama kashata. Na kuna miamba mingine, mwalimu anasema, iliyeyuka kwa msuguano tu, ikabaki na mshipa mweusi mwembamba. Hakuna mtu aliyekuwepo, lakini jiwe linakwambia lilitetemeka na lilikwenda wapi."

"Na nani kafanya, linasema?" Philbert akauliza.

"Jina tunatafuta wenyewe."

Akapangusa utando wa buibui kwenye jalada la kitabu, akafungua kwenye picha ya michirizi.

"Kitabu chenyewe kina buibui," Bibi akasema. "Ndiyo kusoma huko?"

"Sasa tazama sakafu, Mama."

Kwenye saruji iliyopakwa rangi nyekundu kulikuwa na mikwaruzo miwili, mahali ilipopita miguu ya kabati.

"Kule kwenye ufa wenyewe mwamba hukwenda upande mmoja. Lakini huku juu nyumba hutikiswa huku na huku. Kabati lingekwenda likarudi, mikwaruzo ingepishana. Hii imenyooka. Papasa."

Bibi Ndeshi akashuka chini, magoti yakilalamika. Akapitisha kiganja. Kikateleza. Akakirudisha. Kikakwama. Akarudia, safari hii taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Kinakwama kweli," alisema. Akatambaa mbele, makalio yakimwelekea kuku mmoja aliyekuwa mlangoni. "Na rangi imerundikana huku mwisho."

"Basi halikutikiswa. Limevutwa. Kuelekea wapi, Mama?"

Bibi akaifuata mikwaruzo kwa kidole, akaendelea pale ilipoishia, hadi kwenye kochi. Kidole kikasimama kwenye miguu ya Philbert.

"Mimi nilikuwa nimelala," Philbert akasema.

"Hata Krismasi ulikuwa umelala," Anitha alisema kwa upole, "ulipofungua kabati la nguo ukidhani ni choo. Tulifua makoti mpaka mwaka mpya."

Philbert akaitazama mikono yake, akaigeuza kama ya kuazima.

"Kweli nilibanwa," alinong'ona. "Labda nilidhani mlango uko nyuma yake."

"Kabati la harusi," Bibi alisema. "Ulitaka kulikojolea kabati la harusi."

"Nisamehe, Mama. Mimi sikumbuki, lakini sakafu si imeshaandika."

Bibi Ndeshi akasimama kwa kushika bega la Anitha, na bega hakuliachia.

"Kesho utaleta kioo kipya, Philbert. Na wewe, mwanangu," tangu harusi hakuwa amewahi kumwita hivyo, "shule utamaliza. Ukitaka na chuo, nenda, mtoto nitakaa naye. Mwanamke anayesoma sakafu namna hii hatuwezi kumfungia jikoni na ndizi."

Anitha akashukuru kwa sauti ndogo, akainuka haraka kutafuta ufagio.

Sifa alikuwa amechuchumaa juu ya mikwaruzo, akipapasa kama alivyomwona Bibi: kinateleza, kinakwama, kinateleza. Akainua uso.

"Bibi, Mama ndiye aliyevuta kabati, alikuwa anatafuta kitabu kilichoangukia nyuma yake."