Steringi Hafi

Ndala ilimpata mwinjilisti sikioni kabla hajafunga Kitabu.

"Filamu gani hiyo?" alisema Bibi kutoka kitandani. "Steringi anakufaje?"

Mwinjilisti aliiokota ndala, akairudisha mvunguni karibu na mwenzake, akajibu kwa upole kwamba hii si filamu, haya ni Maandiko. Bibi akageukia ukutani. Ameangalia filamu miaka arobaini, alisema, na sheria anazijua: adui anauawa, rafiki wa steringi anauawa, lakini steringi hafi. Kama mtu hajui kusimulia, aseme.

Hapo mwinjilisti alitamani kulia, wala hakuona haya. Wiki sita alikuwa akija kila alasiri kwenye chumba hiki kinachonuka dawa ya kuchua, akikaa kwenye kigoda chenye mguu mmoja mfupi, mbele ya televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ambayo Bibi alisema imeungua juzi tu. Mwaka ulikuwa unaisha na hakuwa amebatiza hata paka. Mkuu wake wa kazi alikuwa ameshaandika barua ya kumhamishia kituo cha mbali, safari ya siku mbili, mahali ambapo zahanati nayo ni safari nyingine. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Nionyeshe nafsi moja tu, Mkuu alimwambia, nami nitaichana barua hii.

Na watu wote mtaani ama walikuwa na dini zao ama hawakuwa na nafasi. Ni Bibi tu, ambaye miguu yake iliyovimba isingeweza kumkimbia mtu, aliyemwambia karibu.

Mwanzoni alimsomea kama alivyofundishwa, aya kwa aya, na Bibi akasinzia. Siku ya tatu akamkatiza: "Mjukuu wangu, mapigano yako wapi?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwinjilisti akaanza kutia chumvi. Bahari ilipogawanyika aliiga kwato za farasi kwa mdomo mpaka midomo ikafa ganzi. Kwenye gharika alipanda juu ya kigoda. Alipofika kwa yule mwenye nguvu aliyeangusha nguzo za jumba, aliteguka bega. Bibi alikaa macho, akasahau hata dawa yake.

Kilichomshangaza ni kwamba aliporuka kitu, Bibi alijua. "Umemruka jogoo," alimwambia Alhamisi. Mwinjilisti akamrudisha jogoo, akawika mara mbili, akajiambia kwamba bibi huyu ana kipaji cha imani.

Na leo Ijumaa, ndala. Kawaida yake ilikuwa kumwachia Bibi sehemu ya pili mpaka kesho yake, lakini aliona wazi kwamba akitoka sasa hatafunguliwa mlango tena. Akapiga moyo konde, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi," alinong'ona, "nani kakwambia imeisha?"

Kichwa kikageuka taratibu kutoka ukutani.

Akamsimulia kaburi, walinzi, jiwe. Kabati la nguo ndilo lililokuwa jiwe. Alilisukuma kwa lile bega bovu, nalo likasogea kweli. Bibi alishika shuka kwa mikono miwili. Steringi alipotoka, mwinjilisti alikuwa analia waziwazi. Bibi alipiga makofi, akasema sasa yuko tayari kuingia majini, mkwe wake aambiwe ateke maji.

Alibatizwa kesho yake asubuhi, ndani ya beseni kubwa la mkwewe la kufulia. Alipoinuliwa, maji yakimtiririka usoni, alimvuta mwinjilisti kola, akamwambia sikioni neno moja tu.

"Saba."

Mwinjilisti aliduwaa. Saba, namba ya ukamilifu. Njia nzima kuelekea ofisini kwa Mkuu aliitafakari, mwili ukimsisimka, akiwaza pia jinsi atakavyomwambia mkewe afungue masanduku.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Barua ilikuwa mezani. Aliuliza ni nyumba ipi, akaelekezwa. Aliuliza kama ile televisheni bado haijatengenezwa. Mwinjilisti akasema bado.

"Na alipotoka majini," Mkuu aliuliza, "alikwambia ngapi?"

"Saba, Mzee."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaivuta ile barua ya uhamisho, akaitia saini.

"Aliyekutangulia alipata sita kwa kumi," alisema. "Mimi alinipa nne."