Gauni la Komba na Khanga za Pimbi

“Khanga vaa wewe, shoga! Mimi harusini naingia na mahameli,” Komba alifoka, akijizungusha ili Pimbi alione gauni lake la ghali.

“Na mtoto uliye naye tumboni utampokea kwa nguo gani?” Pimbi alimuuliza.

“Si kwa matambara kama yako!”

Pimbi akaenda zake kwa hasira.

Kabla ya harusi mvua kubwa ilinyesha, na uchungu ukamshika Komba. Mtoto alipozaliwa, Komba hakuwa na kitu cha kumfunika ila lile gauni, maana akiba yote ilikwisha humo. Mahameli haikumkausha, na tarizi zake zilimkwaruza. Mtoto akawa baridi, sauti yake ikafifia.

Pimbi alisikia Komba akilia, akavuka matope na khanga zake zilizolainika kwa kufuliwa. Moja akamkaushia mtoto, nyingine akamfungia kifuani kwa mama yake. Mtoto akapata joto, akaanza kunyonya.

Pimbi alipoaga, Komba alijikongoja hadi mlangoni, akamwambia, “Ahsante, shoga yangu. Kesho urudi umpe jina, maana nguo yake ya kwanza umemvisha wewe.”