Daktari Anayesikia Mapigo

Mutsinzi alikuwa amemkumbatia mlinzi wa ukumbi mguu, na hakukusudia kuuachia.

"Mzee, inuka! Bila karatasi ya mwaliko hapana ingia."

"Mtoto iko mgonjwa, ndugu yangu. Mwangalie mwenyewe."

Mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, alikuwa Umuhoza, binti yake wa miaka kumi. Amekonda, midomo imeiva rangi ya zambarau. Hospitalini walikwisha kumwambia fundi cherehani huyu wa Kabuga: moyo wa mtoto unavuja, na nchini hakuna wa kuuziba.

Kisha, Jumapili iliyopita, Umuhoza alimwita kwa kelele, redio kaikumbatia kifuani. Betri zilikuwa zinakata roho. Mutsinzi aliwahi maneno ya mwisho tu: "...Daktari Niyongabo, ambaye kwa chombo chake husikia mapigo yaliyojificha ndani, akaijua hatari kabla haijafika. Jumamosi atavishwa nishani ukumbini hapa Remera." Redio ikazimika.

"Ni daktari mkubwa, Baba," Umuhoza alisema, macho yakiwaka. "Nipeleke kabla hajarudi Ulaya."

Tangu siku ile mtoto alianza kula tena. Daftari lake alilala nalo chini ya mto.

Kwa hiyo walikuja. Kwenye kizuizi wanajeshi waliwashusha kukagua vitambulisho, basi likawaacha, naye akambeba njia yote iliyobaki. Leo, mguu wa mlinzi ungemshinda?

Milango ya ukumbi ikafunguka. Wataalamu wakatoka na tai zao, wakicheka.

"Ndiye yule, Baba! Mwenye nishani!"

Mutsinzi aliusikia moyo wa bintiye ukimgonga mgongoni, ovyo ovyo, kama ngoma inayopigwa na mlevi. Akauachia mguu. Akampiga mlinzi kikumbo, akapenya katikati ya suti, akaanguka magoti mbele ya mtu mwenye nishani.

"Daktari! Hao wengine wote wameshindwa. Wewe unasikia mapigo. Weka sikio lako hapa, usikie moyo wa mwanangu. Kama unataka wangu, chukua!"

Mlinzi alimfikia, akamkamata ukosi. Daktari Niyongabo akamzuia kwa mkono. Alichuchumaa, nishani ikining'inia, akamtazama mtoto, kisha baba.

"Mzee wangu, nisamehe. Mimi si daktari wa watu. Mimi nasikiliza milima ya moto."

Mutsinzi alifungua kitenge, akamshusha binti yake, akitafuta pa kuanzia kumfariji.

Umuhoza alikuwa amekwisha kufungua daftari. Kila ukurasa, mlima uleule. Kila mlima, moshi wake.

"Najua, Daktari, redio niliisikia tangu mwanzo," alisema akihema. "Niambie upesi: mlima ukikaribia kupasuka, mapigo yake huwaje?"