Koti Lililonyamazishwa

Siku hizo nguo yoyote ya mbunifu ilikuwa lazima ijieleze yenyewe. Kitufe kilishonewa kwenye kola, na kila aliyeitazama alisikia sauti ikimweleza maana yake.

Mwanahawa, fundi cherehani wa Tanga, hakuziamini sauti hizo hata chembe. Binti yake Shemsa alipoingia sebuleni amevaa koti la mkono mmoja, sauti ilitangulia: "Mimi ni ukimya wa bega linalokataa kumilikiwa."

"Bega gani hilo?" Mwanahawa akafoka. "Wabunifu hao wanaficha ushonaji mbovu tu. Hebu nione."

Akakibonyeza kitufe, sauti ikakatika. Akaupekua mshono mmoja baada ya mwingine akitafuta dosari, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyozidi kushangaa. Pindo lilikuwa limelala sawasawa, bitana haikuvuta popote, na lile bega lililoachwa wazi lilikatwa kwa ustadi ambao yeye, kwa miaka thelathini ya kazi, hakuwahi kuufikia.

"Mwanangu, aliyeshona hili ni fundi hasa," alisema taratibu. "Maneno yale yote ya nini?"

Shemsa hakufurahi. Alikuwa amejikunyata, kiganja kimefunika bega.

"Washa sauti, Mama."

"Lakini ni zuri, nakwambia."

"Zuri kivipi? Hata sijui nimevaa nini. Washa, tafadhali, najiona niko uchi."

Mwanahawa akamtazama mwanawe ndani ya koti bora kuliko yote aliyowahi kuyashika, kisha akapeleka kidole kwenye kola.