Mahakama Imetambua

Asubuhi mume wangu Ramsakal alipopotea, watu wawili wa machimbo ya mchanga walimpakia kwenye pikipiki mbele ya macho yangu. Aliniambia nisile kabla yake.

Polisi walikataa kufungua jalada. "Wanaume hutoroka, shemeji," askari alisema akicheka. "Labda amechoka dengu zako."

Mwaka wa tatu wakili aliandika malalamiko ya mauaji, nikatia sahihi, tukayapeleka mahakamani. Hakimu aliyasoma, kisha akanitazama utosini. Kwetu Bihar, mke hupaka unga mwekundu kwenye njia ya nywele kila asubuhi maadamu mumewe yu hai. Nami nilikuwa nimepaka.

"Mama, karatasi inasema ameuawa. Kichwa chako kinasema yu hai. Niamini kipi?"

Wakili aliniinamia sikioni. "Nilisahau kukwambia, dada. Ufute. Asipolitambua shauri leo, yaani asipolikubali lisikilizwe, hao wawili hawataitwa kamwe."

Nilishika ncha ya sari. Nilipofuta, unga ulisambaa kwenye paji la uso na kuniingia jichoni, nikafuta tena hadi ngozi ikawaka.

"Mumeo yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Amekufa, mheshimiwa."

Sikuwahi kulisema hilo popote, hata nikiwa peke yangu.

Akamgeukia karani. "Andika. Mahakama imetambua shauri hili."

Watuhumiwa wameitwa tarehe kumi na nne. Mimi ndiye shahidi wa kwanza.