Bakuli la Bluu

Gari lilisimama kando ya shamba la karanga. Mwanamume wa mjini akamshusha mbwa, akaweka bakuli la bluu chini, akarudi kwenye usukani.

Nyamizi, aliyekuwa akipalilia, akatoka mbio na jembe lake, akasimama mbele ya gari.

"Mama, nipishe. Huku shamba atajitafutia."

"Atajitafutia nini? Kuku wangu? Huyu mbwa wa tatu mwaka huu! Wale wawili walikufa njaa hapahapa wakiwangoja wenyewe, nikawazika mimi. Mchukue mbwa wako!"

Mwanamume akapandisha kioo, akapiga honi. Nyamizi hakusogea.

Mbwa akaliokota bakuli kwa mdomo, akalipeleka hadi mlangoni mwa gari, akaketi, akitikisa mkia, akisubiri afunguliwe.