Viazi vya Kilima cha Mafuta

Pimbi waliishi kwenye kilima kidogo, na mwambani mwao mlichuruzika mafuta. Wanyama wa mbali waliyafuata na kuyalipia kwa vyakula, na Pimbi wakanenepa bila kugusa udongo.

Mfalme wao, aliyesifika kwa kuona mbali, akawaonya, "Wenzangu, mafuta haya yataisha. Tulime viazi!"

Wakamshangilia. Kisha wakawaajiri Fuko wawalimie, ujira wao mafuta, na kila Pimbi akapewa cheo cha msimamizi wa shamba.

Viazi vikastawi mwaka baada ya mwaka. "Sasa mwamba na ukauke," Mfalme akajigamba.

Mwamba ukakauka kweli. Fuko wakavuna viazi vyote kuwa ujira wao, wakaanza kuondoka. Mfalme akamkimbilia mkubwa wao. "Ndugu yangu, tufundisheni basi kulima. Watoto wana njaa."

Fuko akayatazama makucha laini ya Mfalme. "Miaka yote hii mlikuwa nasi shambani. Mlikuwa mkifanya nini?"

"Tulikuwa tukisimamia."

"Basi endeleeni, mheshimiwa," Fuko akasema, akazama ardhini na kiazi chake.

Jioni watoto wakalilia chakula. Wasimamizi wakatazamana kwa aibu, kisha wakaitisha mkutano.